Jumanne niliyoisahau kabla ya Amsterdam

Mke wangu alipoondoka Agosti kwenda Wageningen, Uholanzi, kusoma shahada ya pili, alituachia daftari lenye namba za watu wote muhimu, kuanzia fundi bomba hadi mwalimu wa tuisheni, na ahadi moja: Juni shule zikifungwa tungemfuata, na kabla ya kurudi tungelala usiku mbili Amsterdam, sote wanne.

Safari niliipanga mimi. Nyumbani kwetu mipango ni kazi yake, na sasa naona nilitaka kumwonyesha kwamba hata mimi naweza.

Kwa mzazi anayefikiria safari ya namna hii, visa ndiyo ianze. Maombi yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe chini ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na binti yangu wa miaka 13 anahesabiwa mtu mzima. Mdogo wake wa miaka saba alilipiwa euro 45. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Watoto wakisafiri na mzazi mmoja, barua ya ridhaa ya yule mwingine inahitajika, hata kama huyo mwingine ndiye mnayemfuata. Hayo yote niliyaweza, na kichwa kikavimba kidogo.

Nikaandika ratiba ya siku mbili. Rijksmuseum asubuhi, kwa sababu walio chini ya miaka 18 hawalipi na nilitaka wauone mchoro mkubwa wa Rembrandt wa walinzi wa usiku, wa mwaka 1642. Mchana jumba la Van Gogh, ambako pia watoto ni bure, ila kila mtu lazima akate nafasi ya saa maalumu mtandaoni. Kisha boti, jumba la sayansi la watoto, vinu vya upepo nje ya mji, bustani. Nikamtumia mke wangu kwa WhatsApp. Akajibu: “Baba watoto, hii ni ziara au mbio za mwenge?”

Nikapunguza. Kitu kimoja tu hakikuguswa, nyumba ya Anne Frank.

Mwezi wa pili tangu mama yao aondoke, alimtumia binti yetu kile kitabu cha shajara kupitia mtu aliyekuwa anakuja Dar. Naye akanunua nakala yake. Kila Jumapili jioni walisoma kurasa kadhaa kila mmoja kwake, halafu wakapigiana simu kuzijadili. Mimi nilikuwa nawasikia kutoka jikoni. Binti yangu alikuwa ametimiza miaka 13, umri ule ule ambao Anne alipewa lile daftari, Juni 1942, wiki chache kabla familia yake haijajificha nyuma ya ofisi ya baba yake pale mtaa wa Prinsengracht. Walikaa humo watu wanane, mpaka walipokamatwa Agosti 4, 1944. Akarudi baba peke yake. Binti yangu aliniuliza siku moja kama yule baba alipolisoma daftari alijuta kitu. Sikuwa na jibu.

Tiketi za nyumba hiyo huuzwa mtandaoni tu. Hufunguliwa kila Jumanne saa nne asubuhi kwa saa za kule, saa tano kwetu wakati wa kiangazi chao, kwa ziara za wiki sita mbele. Zikiisha zimeisha, na pale mlangoni hakuna dirisha la kununua. Mke wangu aliniandikia hayo mara mbili.

Jumanne yetu ilipofika nilikuwa kikaoni kazini tangu saa tatu, simu nimeigeuza kifudifudi mezani. Nilikumbuka Jumatano usiku nikipiga pasi sare za shule. Nikafungua ukurasa pale pale, pasi mkononi. Siku zetu zote mbili zilikuwa zimejaa.

Sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba mtu anaweza kuahirisha, kwamba nitachungulia kila siku, na kweli nilichungulia. Wakiuliza “tiketi vipi?” nilisema nashughulikia. Wiki tano nzima nashughulikia.

Amsterdam yenyewe iliwapokea watoto vizuri. Nilikuwa nimekodi chumba ghorofa ya tatu katika nyumba nyembamba kando ya mfereji, na hapo nikajifunza kwamba ngazi za nyumba za zamani za mji ule ni kama ngazi ya kupandia darini. Mwenye masanduku mazito aulize kwanza kama kuna lifti. Kwenye paa za nyumba nyingi kuna ndoano ya kuvutia makabati kwa kamba na kuyapitisha dirishani, kwa sababu ngazi hazipitishi kitu. Mdogo alitaka tuvute sanduku letu hivyo hivyo. Alipoambiwa kwamba Ikulu ya pale uwanja wa Dam imesimama juu ya nguzo za mbao 13,659 zilizochimbiwa kwenye tope, alikaa chini kuangalia kama inatikisika. Kwenye tramu tuligusa kadi ya benki tu, ila kila mtu awe na kadi yake, na kushuka unagusa tena. Na jamani, njia za baiskeli si za kusimama kupiga picha. Kengele utakazopigiwa hutazisahau.

Jioni ya kwanza, wakati tunatembea kuelekea Prinsengracht, ikanibidi niseme. Tulisimama ng'ambo ya mfereji. Foleni ya wenye tiketi ilikuwa mlangoni, wengine wakiwa na watoto wa rika la binti yangu. Nikaanza, “Kuna jambo sikuwaambia...”

“Najua, baba,” binti yangu akasema. “Niliona kwenye simu yako, siku ile ulipounguza sketi yangu kwa pasi.”

Mama yake akamgeukia. “Ulijua muda wote huo? Mbona hukuniambia mimi?”

“Ungemgombeza. Na baba alikuwa amechoka.”

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini alifunga dirisha mvua ilipoanza. Ndiyo maana iliniuma. Miezi kumi nilihesabu ada, sare, homa na vikao vya wazazi, nikijiona nimeubeba mzigo wa nyumba yote. Sikuhesabu kwamba kulikuwa na mtu mwingine ananiangalia kila jioni anapima kama niko sawa, na Jumapili anachagua cha kumwambia mama yake na cha kuacha.

Kengele za kanisa la Westerkerk zikalia, zile ambazo Anne alizisikia akiwa mafichoni. Hakuna aliyesema kitu mpaka zilipomaliza.

Kesho yake mke wangu alifuta ratiba yote ya mchana. Yeye na binti yetu waliondoka wawili, bila kusema wanakwenda wapi. Mimi na mdogo tulikwenda nyuma ya stesheni kuu, ambako kuna kivuko cha kuvuka maji ya IJ kwenda upande wa Noord. Ni bure, si kama cha Kigamboni. Tulivuka mara sita. Kila tukifika ng'ambo aliomba turudi, nami sikuwa na sababu ya kukataa.

Juni jua la kule huzama saa nne usiku. Walirudi jua bado lipo, binti yangu macho yamevimba, mkono uko kwenye mfuko wa koti la mama yake. Sikuuliza. Usiku, watoto wamelala, mke wangu alichukua simu yangu akaweka kengele: kila Jumapili jioni, nusu saa kabla ya simu yao ya kitabu.

“Hiyo ni yetu wawili,” akasema. “Ya nyumba utaniambia wewe.”