Vitabu viwili, mabinti wawili

Mwezi huu tumesoma vitabu viwili, na vyote vimetugusa sisi tulio na mabinti nyumbani.

Cha kwanza ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, Mtanzania wa Ukerewe, kilichotoka mwaka 1971. Zakaria anagundua kwamba binti yake Rosa ameandikiwa barua na mvulana, naye anampiga vibaya sana. Rosa anajifunza woga tu. Anapokwenda kusoma mbali na fimbo ya baba, woga unaisha, na hakuna neno la mzazi lililobaki moyoni la kumwongoza. Anaharibikiwa hadi kifo.

Cha pili ni cha Kifaransa, Une si longue lettre cha Mariama Bâ wa Senegali, cha mwaka 1979. Mjane Ramatoulaye anapata habari kwamba binti yake, bado mwanafunzi, ana mimba. Anaumia sana, lakini anamkumbatia, hamfukuzi.

Sisi tunaofundisha hapa Fizi tumeona mabinti wakiacha masomo kwa sababu ya mimba, na wengine kufukuzwa nyumbani usiku. Hatusemi mzazi asikanye. Wazee walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini kufunza si kupiga. Binti anayemwogopa mama yake, atamwuliza nani?

Basi juma hili, mkiwa mnamenya mihogo pamoja, mwulize binti yako habari za masomo na za rafiki zake. Akianza kusema, usimkate neno. Msikilize mpaka amalize.