Sekunde 17

Tanga

Mpendwa Rehema,

 

Baba yako kaniambia umemaliza msimu wa pili wa tamthilia ya Grey's Anatomy, ukamlilia Denny, na sasa unasema ukiwa daktari utafanya kama Izzie. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Hata mimi nililia. Denny moyo umechoka, anaishi kwa mashine inayomsukumia damu, na moyo wa kupandikizwa umepatikana. Lakini yuko mgonjwa mwingine mwenye hali kama yake, aliyeandikishwa sekunde 17 kabla yake. Izzie, daktari aliye bado mafunzoni, akakata waya wa mashine ili Denny azidiwe na atangulizwe. Moyo Denny akaupata. Kisha bonge la damu likapanda ubongoni, akafa peke yake chumbani.

Wengi humlaumu Izzie kwa kukata waya. Kosa lilianza kabla ya hapo. Denny alikataa kwanza, akakubali baada ya kumwona Izzie analia. Ridhaa ya mgonjwa haitafutwi kwa machozi ya daktari. Na yule mwingine je? Hatukuonyeshwa uso wake, ndiyo maana hatukumlilia. Ukifika msimu wa tano utamkuta, bado anahitaji moyo.

Nilipokuwa muuguzi mchanga, usiku mmoja tulibaki na mtungi mmoja wa oksijeni. Nilikuwa nimeshauvuta hadi kwa mtoto niliyemuuguza wiki nzima, aliyekwisha kuzoea kuniita mama. Mara akaingia mwanamke na kichanga, midomo imekuwa ya buluu, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi. Daktari akawapima wote wawili, akasema, "Kichanga kwanza." Niliuhamisha mpira wa oksijeni mikono ikinitetemeka, na yule wangu ananitazama. Mama wa kichanga sikuwa namjua hata jina. Daktari alisema kweli, na ningeachiwa niamue kwa moyo wangu, ningekosea.

Wapende wagonjwa wako, Rehema, uwalilie ikibidi. Ila zamu ya mgonjwa ni amana: anayekutegemea ni pamoja na yule usiyemwona. Usimpore zamu yake kwa ajili ya umpendaye, hata siku mgonjwa wako nikiwa mimi.

Wasalaam,
Shangazi yako