Trakteri ya 4x4 katika uwanda wa Ruzizi: inasaidia wapi, inashindwa wapi

Mvua za kwanza zikianguka kwenye uwanda wa Ruzizi, toka Kamanyola, Luvungi na Sange mpaka Kiliba, kila mtu anatafuta trakteri siku moja. Wenyeji wanaitafuta. Jamaa zilizokimbia vita kutoka milimani nazo zinaitafuta, maana zimekodi kipande cha shamba kwa msimu mmoja tu, na mwenye shamba hatarudisha pesa eti kwa sababu mbegu imechelewa kuingia. Mama aliyeteremka na watoto watano na sufuria mbili hana msimu wa pili wa kujaribia. Pesa ya kulimisha imetoka kwenye likelemba, ao imetoka kwenye telefoni iliyouzwa.

Ndipo mwenye trakteri anapotaja bei mbili. Ile ya kawaida, bei ya chini. Ile ya 4x4, bei ya juu. Shofere naye anaongeza lake: "Mama, hii ni 4x4, inapita popote." Hapo mazungumzo yanakwisha, maana nani atabishana na chuma? Lakini ni neno hilo "popote" ambalo linakula pesa za watu kila mwaka, na inafaa kulipima kabla ya kutoa franka hata moja.

Trakteri ya kawaida inasukumwa na magurudumu mawili makubwa ya nyuma. Yale madogo ya mbele yanageuza njia tu, hayavuti. Kwenye trakteri ya 4x4, nguvu ya mota inafika mbele pia. Kuitambua si kazi ngumu, hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Tazama mapine ya mbele: kama yana meno marefu ya kulala upande, kama yale ya nyuma, hiyo inavuta kwa miguu yote mine. Kama yana mistari tu inayozunguka pine, hiyo ni ya kawaida, hata kama shofere anaapa kwa jina la baba yake. Inama pia uchungulie chini ya mota. Kwenye 4x4 utaona mti wa chuma unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele.

Faida yake ni ya kweli. Trakteri ya kawaida inabeba karibu theluthi moja ya uzito wake mbele, na uzito huo hausaidii kuvuta jembe. Ile ya 4x4 inautumia. Kwa mota ileile, inavuta jembe zito zaidi, magurudumu yanateleza kidogo, na mazutu mengi zaidi yanageuka kuwa kazi badala ya kuwa moshi. Kwenye ardhi iliyolala miaka bila kulimwa, yenye majani ya mizizi mirefu, tofauti inaonekana tangu mstari wa kwanza. Na mashamba ya namna hiyo ni mengi, kwa sababu watu walikimbia wakayaacha. Inasaidia vilevile kwenye mteremko wakati trakteri inavuta remorki: trakteri nyingi zina breki za magurudumu ya nyuma tu, na shofere akifunga 4x4, magurudumu ya mbele nayo yanasaidia kuzuia.

Kuna njia rahisi ya kujua kama mashine inalima ao inacheza. Tia alama ya chaki kwenye pine kubwa la nyuma. Acha trakteri itembee shambani jembe likiwa juu, hesabu mizunguko 10, pima umbali kwa hatua. Kisha jembe lishuke, hesabu tena mizunguko 10. Kama bila jembe ilifika hatua 50 na kwa jembe ikafika 44, ile inayopotea ni 12 kwa 100, na hiyo ni kawaida. Kama ilifika 33 tu, basi theluthi ya mwendo inazunguka bure, na mapine yanaisha bure. Hapo shofere apunguze kina cha jembe, ao aongeze uzito kwenye trakteri, ao angoje udongo ukauke.

Kungoja ndiyo kazi ngumu, na hapo ndipo 4x4 inapodanganya watu. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kugeuka gundi wakati wa mvua, hauulizi magurudumu ni mawili ao mane. Meno ya pine yakijaa matope, pine linakuwa laini kama tako la chupa. Trakteri ya kawaida inazama nyuma na kusimama mapema. Mara nyingi jembe likiondolewa inatoka. Ile ya 4x4 inaendelea mpaka katikati ya shamba, kisha inazama miguu yote pamoja. Kuitoa ni kutafuta trakteri ya pili, na jua linapita.

Hata isipozama, kuna hasara ambayo haionekani siku ile. Mashine ya tani tatu ao nne ikipita kwenye udongo uliolowa inaukandamiza chini ya ule uliogeuzwa. Maji ya mvua yanasimama juu, mzizi wa mahindi unafika pale na kugeuka upande, muhogo unakuwa mfupi na mwembamba. Mkulima analaumu mbegu. Dawa ni mkono wenyewe: chimba mpaka kina ambacho jembe litafika, chukua udongo, uviringe kama mtu anayetengeneza kamba. Ukifanya kamba ndefu bila kukatika, bado ni mbichi, trakteri irudi nyumbani. Ukivunjika vipandevipande, iingie.

Milimani ni habari nyingine. Wenye mashamba upande wa Lemera wanaona trakteri ikikata uwanda chini, wanatamani ipande kwao. Lakini kuteleza kwa trakteri ya kawaida kwenye mlima ni kama mtu anayekuonya. Ile ya 4x4 haionyi. Inapanda mpaka mahali ambapo kugeuka ni hatari, na magurudumu mane hayazuii trakteri kupinduka upande. Nyingine hazina hata ule upinde wa chuma unaomlinda shofere, na bado utaona vijana wawili wamekaa juu ya matopemata. Huko, jembe la mkono na matuta ya kukingama mlima bado ndiyo yanayoshika udongo.

Kuna na matengenezo. Ekseli ya mbele ina meno yake, mafuta yake na mipira yake ya kuzuia mafuta. Magurudumu ya mbele yametengenezwa yazunguke na mwendo wa mbele kidogo kuliko ya nyuma, kwa hiyo mtu akibadilisha mapine kwa kipimo kingine, meno ya ndani yanaanza kupigana. Kutembea barabarani toka Sange mpaka Luvungi huku 4x4 imefungwa kunaleta ubaya uleule, na kunakula mapine ya mbele. Mwenye trakteri anayeona shofere wake akifanya hivyo na kunyamaza, hesabu yake iko mbali na kichwa chake.

Kwa kikundi kinachokodi, mapatano yana uzito kuliko magurudumu. Kulipa kwa saa ni kulipa pia saa za kuteleza, saa za kuzama na saa za shofere kutafuta mazutu. Kulipa kwa hektari, baada ya kupima kwa kamba mbele ya macho ya wote, kunaacha hasara hiyo kwa mwenye mashine, naye atajua mwenyewe siku gani aingie. Isemwe mapema nani atalipa trakteri ikizama, na nani atatengeneza mfereji wa maji ikiuvunja, hasa kwenye mashamba ya mpunga kama Kiringye, ambapo mfereji mmoja unanywesha watu wengi. Nusu ya pesa itolewe mwanzo, nusu baada ya kuona kina.

Na vipande vingi vinavyokodiwa na jamaa za wakimbizi ni vidogo. Hapo trakteri kubwa inatumia muda mwingi kugeuka kuliko kulima, iwe ya 4x4 ao hapana. Majirani watano wakiunganisha vipande vyao vinavyofuatana, wakaondoa mipaka kwa siku moja na kuacha miti ya alama kwenye kona, mashine inapata mstari wa kwenda. Wakishindwa kupatana, ile mashine ndogo ya magurudumu mawili, ambayo mtu anatembea nyuma yake ameishika mikono, itamaliza kazi kwa bei ndogo. Palizi, hata hivyo, itabaki ya mikono. Jamaa yenye watu wawili wa kupalilia isilimishe hektari mbili kwa sababu tu trakteri ilikuwa njiani.