Kalinzi Wote Wanatoka Jasho, Ila Nani Anacheza?

Huku Uingereza kuna barua inayokuja kwa posta bila jina la mtu, imeandikiwa nyumba tu. Inatoka Sport England, taasisi ya umma inayosimamia michezo ya wananchi, na inakuomba ujibu utafiti uitwao Active Lives, ulioanza Novemba 2015. Kila mwaka watu wazima zaidi ya laki moja na nusu wanaujibu. Yangu ilipofika niliijibu siku hiyo hiyo, kwa utii wa mtoto wa Kigoma aliyelelewa akijua barua ya serikali hailazwi.

Maswali ya kwanza ni ya hesabu: umetembea, umeendesha baiskeli, umeogelea, umekwenda jimu, kwa dakika ngapi? Baadaye yanaingia moyoni. Je, mazoezi yanakupa raha? Usipofanya, unajiona una hatia? Unaamini mwili wako unaweza? Nafasi unayo? Unachagua jibu, kuanzia nakubali kabisa hadi sikubali kabisa.

Nikampigia shangazi yangu Kalinzi, nimjaribu na maswali hayo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko kwenye baridi?"

"Hatujambo. Hivi shangazi, ukikaa wiki nzima bila mazoezi, unajisikiaje?"

Akacheka. "Nikae wiki nzima? Nani ataniruhusu kukaa?"

Kwa asiyeijua Kalinzi: ni kijiji cha milimani kaskazini mwa mji wa Kigoma, kwenye barabara ya Manyovu inayoelekea mpaka wa Burundi. Ni nchi ya kahawa, migomba na maharage, na mashamba yako miteremkoni. Msimu wa kahawa ukifika, shangazi anachuma tangu asubuhi, anajitwika mzigo na kupanda nao, kisha jioni anashika mpini wa mashine ya kumenya na kuuzungusha hadi maganda mekundu yatoke, punje zibaki na utelezi wake. Kesho yake ana palizi.

Sasa muweke mama huyu kwenye hesabu ya Sport England. Kipimo chao kikuu kinahesabu matembezi, baiskeli, dansi, mazoezi na michezo. Hata kazi ya bustani hakiihesabu. Jembe la shangazi lisingempa dakika hata moja.

Shirika la Afya Duniani, WHO, limeliona tatizo hilo. Dodoso lao la GPAQ, lenye maswali 16, linaanza na kazi: kulima, kubeba mizigo, kujenga. Linafuata na safari za miguu na baiskeli, ndipo lije kwenye michezo. Lakini nalo lina ugeni wake. Linataka mwendo wa dakika 10 mfululizo, na linauliza habari za wiki ya kawaida. Mlima wa Kalinzi hauna dakika 10 mfululizo: unapanda, unatua mzigo, unasalimiana na waliokutangulia, unajitwika tena. Na wiki ipi ndiyo ya kawaida, ya kuchuma kahawa au ya kungoja mvua?

Pamoja na hayo, picha iliyopatikana haina utata. Makadirio ya WHO yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kuwa Watanzania wazima wasiofikisha kiwango cha chini cha kuushughulisha mwili ni kama asilimia 6.5 tu. Uingereza walikuwa karibu asilimia 36. Uganda, kwa asilimia 5.5, iliongoza dunia kwa uchangamfu. Ukisoma haraka utasema Wazungu waje Kalinzi kufundishwa.

Mimi nasema tusishangilie mapema. Takwimu ile imepima mzigo, haikupima mapenzi. Mwili wa shangazi haukai kwa sababu hauna ruhusa ya kukaa. Mchukulie mzigo huo leo, kesho hutamkuta anakimbia kwa hiari yake.

Wala nao Waingereza wasijisifu kwa majibu yao. Mwaka 2008, utafiti wa afya wa England uliwauliza watu kama wanafikisha kiwango kilichopendekezwa. Wanaume asilimia 39 na wanawake asilimia 29 wakasema ndiyo. Baadhi yao walipovalishwa kifaa cha kupima mwendo kiunoni, waliofikisha walikuwa asilimia 6 ya wanaume na 4 ya wanawake. Mtu hujibu vile anavyotamani kuwa. Kwetu kuna pia adabu juu yake: mgeni mwenye karatasi na kalamu hujibiwa kile kitakachomfurahisha.

Hata hivyo, kuuliza habari za moyo kuna faida yake, na hapo huku wametuzidi. Sport England walipochunguza kwa nini wanawake wengi hawashiriki michezo, walikuta woga wa kutazamwa na kuhukumiwa: mwili wangu, mavazi yangu, sijui kucheza, watoto nimemwachia nani. Kutokana na majibu hayo, Januari 2015 ikazinduliwa kampeni ya This Girl Can, iliyoonyesha wanawake wa kawaida wakitoka jasho bila aibu.

Woga huo Kalinzi tunao, hatujauandika tu. Mama wa miaka 45 akionekana anakimbia kwenye lami ya Manyovu, atakayekutana naye atauliza, "Kuna msiba wapi?" Kijana wa kiume akikimbia, anajiandaa kwa mechi.

Si kwamba hatupendi michezo. Julai 2021 Simba na Yanga walipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma nzima ilisimama. Mashujaa, timu ya Kigoma, walipopanda Ligi Kuu 2023, tulishangilia hadi huku ughaibuni. Na wasichana wa Kigoma Sisterz wamewahi kucheza ligi kuu ya wanawake. Mapenzi yapo, ila wengi wetu tunayapeleka jukwaani na kwenye redio. Serikali nayo ilijaribu: Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Mfanyakazi wa ofisini mjini ana Jumamosi. Jumamosi ya shangazi ina palizi.

Ningepewa dodoso la Kalinzi, dakika nisingeziuliza. Ningeuliza: Mara ya mwisho kukimbia bila kuwahi kitu ilikuwa lini? Mama mwenye wajukuu akiingia kiwanjani kucheza netiboli, majirani watasemaje? Na ukipata bodaboda ya bure kwenda shambani, utaendelea kutembea?

Swali la mwisho ndilo la haraka. Lami imeshafika, bodaboda zimejaa, na mashine zitazidi kuupokea mzigo. Zije, maana shangazi amechoka. Ila siku hiyo ile asilimia 6.5 itaanza kupanda, na kisukari na presha havitangoja tujipange. Halmashauri ikiuliza sasa, itajua mapema kama wanawake wa Kalinzi wanataka kiwanja, saa ya kukitumia, au mtu wa kubaki na watoto. Ikichelewa, viwanja vitakuwa vimeshauzwa, na tutabaki kuwahimiza watu wafanye kitu ambacho hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanakipenda.