Goti la Koko na Toba Yangu

Waebrania 12:12 inataja magoti dhaifu. Nimelihubiri andiko hilo miaka mingi, na kila mara nililifanya la kiroho tu. Leo naongea juu ya goti la nyama na mfupa, na naongea kama mtu anayetubu.

Kuna mama kanisani kwetu hapa Kitengela, watoto wote wanamwita Koko. Amenipa ruhusa niandike haya bila kutaja jina lake. Alikuwa mwombaji hata kabla mimi sijaenda chuo cha Biblia. Magoti yakaanza kumsumbua: asubuhi yamekakamaa, kushuka matatu ni shida, ngazi ndiyo usiseme. Daktari akampiga picha, akamwambia ni athraitisi, ile inayoitwa osteoathraitisi, akamtuma kwa fizio. Akaanza mazoezi.

Kesha moja ya Ijumaa nikamwita mbele. Tulimwombea, akatembea bila fimbo, kanisa likalipuka. Hapo nikashika maikrofoni nikatangaza kwamba hatahitaji hospitali tena. Neno hilo sikupewa na Roho. Nilipewa na makofi.

Koko akaacha mazoezi siku hiyo hiyo. Miezi minne baadaye nikaambiwa haji keshani tena, nikaenda kwake. Akasema, "Pasta, mkipiga magoti mimi nabaki nimekaa, na watu wananiangalia. Na nikirudi kwa yule fizio, si nitakuwa nasema Mungu hakuniponya?" Nilikosa jibu. Nilikunywa chai yangu nikaomba kwa ufupi, nikaondoka na aibu.

Wiki iliyofuata tulipanda matatu pamoja, tukapita Isinya mpaka Kajiado, hospitali ya rufaa ya kaunti. Fizio alikuwa binti mdogo kwangu kwa miaka, lakini alinifundisha kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Mimi nilidhani goti ni kama tairi: kadiri unavyotembea ndivyo linavyoisha, basi lipumzishe. Akacheka kidogo. Alisema gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute wa goti, na kutembea ndiko kunakousukuma uingie na kutoka, kama sponji ikikamuliwa na kuachiliwa. Ukikaa tu, unailaza njaa. Tena misuli ya paja ndiyo inayosaidia kubeba goti. Ikilegea, kiungo kinabaki na mzigo peke yake.

Hakutudanganya. Alisema mazoezi hayataotesha upya gegedu iliyolika. Yanapunguza maumivu na kumrudishia mtu mwendo, basi, na hayo si madogo. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2022 unapendekeza mazoezi kwa kila mwenye ugonjwa huu, wala si kwa vijana tu.

Mambo yenyewe ni ya kawaida kabisa. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, ukaze paja, hesabu mpaka 5, shusha polepole. Kisha simama kutoka kitini na ukae tena bila kuangukia kiti. Kisha tembea kila siku, ukianza na umbali unaouweza. Koko aliuliza swali ambalo wengi wenu mnalo: nikiumwa niache? Jibu: maumivu kidogo wakati wa zoezi si ishara ya kuharibika. Yakitulia kufikia kesho yake, endelea. Yakizidi, punguza idadi, usiache. Lakini goti likivimba ghafla, likawa la moto na una homa, au umeanguka na huwezi kulikanyagia, nenda hospitali kwanza. Na kwa sisi wenye vitambi (nimo), kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua. Hapo Koko alinitazama mimi, si fizio.

Tulipokuwa tunarudi nikamwonyesha Matendo 3. Yule kilema alipotiwa nguvu miguuni, kazi ya kwanza aliyoifanya ni kutembea na kurukaruka. Hakurudi kukaa mlangoni ailinde miguu yake mipya. Koko akasema, "Kwa hivyo ungeniambia nifanye mazoezi, Pasta." Naam, ningemwambia.

Sasa ni majuma 12. Kupiga magoti bado hawezi, na sitamlazimisha wala kumtabiria tarehe. Lakini anainuka kitini bila kushika kitu, anaenda sokoni na kurudi kwa miguu. Jumapili iliyopita, kwa maikrofoni ile ile, nilimwomba msamaha mbele ya kanisa lote. Alisema alikwisha nisamehe kwenye matatu, ila alitaka kwanza niisikie barabara yote ya Isinya.

Kuanzia Jumatano hii, baada ya maombi ya mchana, tunabaki nusu saa. Koko ndiye ataongoza. Vaa viatu visivyoteleza, na uegemeze kiti chako ukutani, maana hivi vya plastiki vinakimbia. Kama hujawahi kuonwa na daktari kwa goti hilo, mwone kwanza. Na wakati wa maombi, asiyeweza kupiga magoti akae, na asiwepo wa kumwangalia.