Zamu ya Usiku Namakwekwe

Mwaka 1994 nilikuwa mlezi katika makao ya watoto yatima Namakwekwe, mjini Mbale, Uganda. Ukimwi ulikuwa umewaacha watoto wengi bila wazazi, na waliotuajiri walitafuta watu wenye huruma. Ujuzi hawakuuliza. Kuhusu dawa tuliambiwa tu kwamba ziko kabatini na ufunguo uko jikoni.

Dawa yenyewe ilikuwa klorokwini ya maji, tegemeo letu la malaria siku zile. Ni chungu mno. Mtoto akiitema, mlezi alimwongezea kwa kukisia. Vijiko vilikuwa hivyo hivyo vya jikoni, na cha mezani hubeba mara tatu ya cha chai.

Jioni moja ya masika, mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili alipandwa na homa. Mlezi wa mchana akampa dawa, kisha akatoka mbio kabla mvua haijamkuta. Daftari la dawa halikuwepo. Mwenzangu wa zamu ya usiku akamkuta mtoto bado anachemka, akampa tena. Mimi nilikuwa chumba cha pili na wachanga. Aliponiita, mtoto alikuwa ametapika, amelegea, ngozi imepoa, pumzi zinakatika. Nilimfunga mgongoni kwa leso, nikapanda boda boda ya baiskeli mpaka hospitali kuu ya Mbale. Nesi akauliza, "Amekunywa kiasi gani, mama, na saa ngapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Klorokwini haina masihara: kipimo kinachoponya na kinachoua vimekaribiana, na kwa mtoto mdogo moyo unaweza kusimama katika muda wa saa chache.

Kesho yake mwenzangu alifukuzwa kazi. Nililia naye, na hadi leo nasema alidhulumiwa. Msimamizi aliondoka kila siku saa kumi na moja jioni, na usiku hapakuwa na mkubwa wa kuulizwa. Aliyeachiwa watoto wagonjwa, kabati la dawa na giza ndiye aliyebebeshwa lawama peke yake.

Aliyetuokoa ni nesi mmoja mstaafu aliyekuja kujitolea. Alipiga mistari kwenye daftari la shule: jina, uzito, dawa, kipimo, saa, sahihi. Vijiko akavirudisha jikoni, akatufundisha kupima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ufunguo ukawa wa mtu mmoja kila zamu, umefungwa kwenye pindo la leso yake. Anayetoka hakuruhusiwa kuvuka lango kabla hajasimama na anayeingia mbele ya kabati, wakasoma pamoja mstari kwa mstari. Usiku nesi huyo alikuja bila kutuarifu, akafungua daftari kabla hajatusalimu.

Uganda ilikuwa imeunda Mamlaka ya Taifa ya Dawa mwaka 1993, na mwaka 2004 iliamua kuiacha klorokwini, ikaja dawa mseto katika pakiti zilizopangwa kwa umri wa mgonjwa. Ni hatua kubwa. Lakini pakiti haijui kama mtoto ameshapewa.

Ewe uliye na mtoto au mzee katika makao yoyote, ukienda kumtazama omba daftari la dawa ulisome. Kisha uliza nani yuko zamu usiku, na nani anamsimamia.