Kukhu aliniuliza kama natumaini, nikamjibu kuhusu dini

Wasee, leo sina vichekesho. Niko na stori ya neno moja tu, neno ambalo lilinifanya nimuumize kukhu yangu bila kujua.

Kukhu anaishi upande wa Mumias, ndani kabisa kwa mashamba ya miwa. Mwezi wa nne aliugua, akalazwa siku tisa hapa Kakamega, halafu akaletwa kwetu Amalemba apate nguvu kwanza. Mathe alikuwa anashinda kazini, kwa hivyo mchana ni mimi nilikuwa namshughulikia. Uji, dawa, kumtafutia stesheni kwa redio. Siku moja jua limewaka, mimi nikidhani amelala, akaniita. Akaniuliza polepole: "Mwana wanje, osuubilanga?"

Sasa, Kiluhya changu ni cha mtoto wa tauni. Naskia karibu kila kitu lakini kujibu ni kazi. Hilo neno nalijua kutoka kanisani: okhusuubila ni kuamini. Nikajiambia, haya, mathe amemwambia siendangi kanisa siku hizi, sasa ametumwa anihubirie. Nikakaza shingo. Nikamjibu kwa Kiswahili: "Kukhu, kusema ukweli, mimi siku hizi siamini."

Hakusema kitu. Alinitazama kidogo, akageuka akaangalia ukuta. Jioni hakumaliza uji.

Kabla hujanihukumu, ngoja nikuambie kwa nini hilo swali linanichomanga. Kuna kanisa tulikuwa tunaenda, sitalitaja. Wakati nilikuwa nataka kuingia mwaka wa pili chuoni, mathe alikuwa amekusanya karibu karo yote. Jumapili hiyo mhubiri akasema kuna watu wamekalia mbegu yao, na asiyepanda hana imani. Mathe akapanda. Mimi nikakaa nyumbani muhula mzima. Nilipoenda kumuuliza mhubiri, kwa heshima zote, akaniwekea mkono begani mbele ya watu akasema shida yangu ni moja tu: sina imani.

Tangu hapo neno imani likawa kwangu kama mlango unaofungwa usoni. Ukiuliza pesa imeenda wapi, huna imani. Ukiuliza mgonjwa apelekwe hospitali, huna imani.

Siku mbili baadaye senje akaja kumwona kukhu. Wakaongea kwa chumba. Akatoka, akaniita kando ya jiko, akaniuliza ni nini nilimwambia mamake. Nikamweleza. Akashika kichwa.

"Wewe mtoto," akasema, "okhusuubila ni kuamini, ndiyo. Lakini pia ni kutumaini. Mama alikuwa anakuuliza kama unatumaini atapona. Ni wewe ulikuwa unamshika mkono kila siku. Alitaka kujua wewe unaonaje."

Yaani mgonjwa ameniuliza kama natumaini ataishi, nikamwambia hapana.

Wiki hiyo sikulala vizuri. Nikaanza kusoma, kwa sababu nikiwa na hatia mimi nasomanga. Nilitaka kujua lugha nyingine hufanya nini na haya mambo. Nikaanza na Kiingereza, kwa sababu ndicho tulichapiwa shuleni, na nikashtuka.

Wale Waingereza wa kale, kabla ya mwaka 1066, walikuwa na neno lao la nyumbani la kuamini. Ndilo lilizaa believe ya leo. Mzizi wake ni uleule wa neno lao la kupenda. Kuamini kitu kulianza kama kukishika kuwa cha thamani kwako, kitu unachokipenda. Hakukuanza kama mtihani wa ndiyo na hapana. Halafu 1066 watu wa Normandy wakavuka bahari, wakawashinda, na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa. Kufikia karne ya 13 neno faith likawa limeingia, kutoka Kilatini fides kupitia Kifaransa. Na hilo nalo, maana yake ya kwanza ilikuwa uaminifu: kutimiza ahadi, kutomgeuka mtu wako. Hata truth, ambayo leo tunasema ni ukweli, zamani ilikuwa kushika ahadi.

Kwa hivyo wakulima wa Uingereza ya miaka ya 1200 walikuwa na neno la nyumbani, halafu juu yake neno la wageni wenye nguvu, na yote mawili yalikuwa yanazungumzia mtu kwa mtu: kupenda na kutosaliti. Ni baadaye ndipo maneno hayo yaligeuka kuwa kitu cha kukagulia watu. Miaka ya 1380 wafuasi wa John Wycliffe walitafsiri Biblia kwa Kiingereza cha watu wa kawaida. Mwaka 1401 ikapitishwa sheria ya kuchoma wazushi wakiwa hai. Wycliffe mwenyewe alikuwa ashakufa 1384, lakini mwaka 1428 mifupa yake ilifukuliwa ikachomwa. Fikiria hiyo chuki, bana. Mtu amelala kaburini zaidi ya miaka 40 na bado unataka kumwadhibu kwa sababu ya maneno.

Nikasema sawa, hao ni wao. Na sisi je?

Enyewe sisi stori yetu iko karibu kufanana. Chukua maneno ambayo mkristo wa Kakamega anatumia Jumapili: imani, dini, sala, dhambi, toba, malaika, shetani, nabii, injili, hata kanisa na msalaba. Yote hayo yalitoka Kiarabu. Waswahili wa pwani, ambao ni Waislamu kwa karne nyingi, ndio walikuwa nayo kwanza. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri, na Steere alipofanya kazi hiyo Zanzibar miaka ya 1870, hawakubuni dini yenye maneno mapya. Walikuta maneno yapo, wakayaazima mengi. Mengine yalikuwa ya Kibantu: Mungu, kuomba, mwokozi, mtume. Padre akatoka kwa Wareno. Kwa hivyo ukiskia mtu anakuambia ati Waislamu na Wakristo hawawezi kuelewana, muulize anasali kwa maneno ya nani.

Na hayo maneno hayakufika hapa kwetu na wamishonari peke yao. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilikuwa inapita kwa Nabongo Mumia katika karne ya 19, ikienda Uganda na kurudi. Mumia mwenyewe alisilimu, na mpaka leo Mumias iko na Waislamu Waluhya kamili, majirani wa kukhu yangu. Wamarekani wa Quaker walifika Kaimosi mwaka 1902. Halafu watu wetu wenyewe wakaanza kujipangia. Elijah Masinde kule Kimilili akaanzisha Dini ya Msambwa, na serikali ya wakoloni ikaipiga marufuku mwaka 1948. Angalia hilo jina tu: dini ni Kiarabu, msambwa ni ya wahenga wa Bukusu. Jina moja, nyumba mbili.

Lakini kilichonikalisha chini ni hili neno imani lenyewe. Liko na ndugu. Amini. Mwaminifu. Amani. Amana. Hata amina ya mwisho wa maombi ni ya ukoo huohuo. Mzizi ni mmoja, na ndani yake kuna usalama na kutegemewa. Amana ni kitu mtu amekuachia umtunzie, na siku akikuja kukiulizia unampa. Sadaka nayo ni ndugu ya kusadiki, na mzizi wao ni ukweli.

Hapo nikakumbuka kopo la kukhu.

Nikiwa mdogo, kila likizo nilikuwa naona wamama wanakuja kwake Ijumaa jioni. Chama chao. Wengine wamevaa leso za kanisa, wengine hijabu, wote majirani. Pesa ilikuwa inakaa kwa kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda cha kukhu. Hakujua kuandika vizuri, kwa hivyo alikuwa anaweka mafundo kwa kamba, kila mama na kamba yake. Mwisho wa mwaka kopo linamwagwa mezani, kila mtu anahesabu mafundo yake mbele ya wengine. Hakuna mama aliwahi kuambiwa huna imani kwa sababu ameomba kuhesabu. Kuhesabu ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wanapika, wanacheka, wanahesabu, wanagawa.

Hiyo ndiyo amana. Na nikiangalia sana, hiyo ndiyo imani niliwahi kuiona kwa macho.

Sasa weka kopo la kukhu kando ya kile kilichonipata. Mhubiri alichukua amana, akakataa kuulizwa, halafu akatumia jina la imani kama kifuniko. Mimi nilipoteza muhula. Wengine walipoteza zaidi. Mwaka 2023 sote tulitazama habari za Shakahola, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa kwa msitu wa Kilifi, watu walioambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Watoto walikuwa humo. Sidhani wale watu walikosa imani. Walikuwa nayo nyingi, na walimpa mtu ambaye hakuna aliyeweza kumwambia leta kopo tuhesabu.

Najua kuna mtu ataniambia, boss, asili ya neno si maana yake leo. Na ni kweli. Askofu kwa asili yake ya Kigiriki ni msimamizi tu, lakini huwezi kumwita hivyo kila msimamizi wa mjengo hapa Lurambi. Maneno hutembea. Siwezi kuchukua kamusi nikampelekea mhubiri nimwambie rudisha karo. Pia najua imani iko na sehemu ambayo haihesabiki. Huwezi kumhesabu Mungu kwa mafundo ya kamba. Mathe anaamka saa kumi usiku kuomba, na mimi siwezi kusema anacheza. Alinilea na hayo maombi.

Ninachosema ni kidogo tu. Mtu akitumia neno imani kukunyamazisha, jua amelikata kutoka kwa ndugu zake. Imani bila amana ni mtu ameshika mfuko wako. Imani bila amani ni woga umevaa suti. Unaweza kuamini na bado uulize. Wamama wa chama cha kukhu waliaminiana miaka yote hiyo, na waliulizana kila Desemba.

Na kuna kosa langu pia, kwa sababu ni rahisi kumlaumu mhubiri na kujiacha nje. Mimi niliruhusu mtu mmoja aniharibie neno zima. Nikalikasirikia hadi nikashindwa kuliskia likitoka kwa mdomo wa mtu anayenipenda. Kukhu alikuwa ananiongelesha kwa Kiluhya, kwa lugha ambayo kuamini na kutumaini vinakaa nyumba moja, na mimi nikamskia kwa masikio ya ile Jumapili.

Kukhu alirudi kwake mwezi wa sita. Juzi nikapanda matatu ya Mumias, nikapita Ejinja, nikapita Shianda, nikashuka nikachukua boda mpaka kwake. Nilimkuta nje kwa kivuli anachambua mboga. Amekonda lakini mikono bado ni ile. Nikakaa chini kwa mkeka nikaanza kumsaidia kuchambua. Nilikuwa nimefanya mazoezi njia yote kama mtoto wa fomu wani anaenda kukariri shairi.

Nikamwambia: "Kukhu, nsuubilanga."

Akaacha mboga. Akaniangalia. Akauliza, kwa Kiswahili sasa, pengine asikosee tena: "Unaamini ama unatumaini?"

Nikamwambia kuamini bado naulizauliza. Lakini kutumaini, niko nayo, na ni yake.

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema basi hiyo inatosha kwa leo, nilete ile sufuria.

Wasee, kwenu mnasemaje? Kwa lugha ya kukhu yako, neno la kuamini lina maana gani nyingine? Muulize akiwa bado yuko. Na akikuuliza swali, usikimbilie kujibu lile ulilokuwa unalingoja.